Jogoo wa Singida kwenye supu ya karanga ya Kighana

Mama kaja wiki iliyopita kutoka Singida na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu, kashuka kwenye basi na jogoo. Wanaowajua kuku wa Singida hawahitaji maelezo, wasiowajua poleni. Jumapili asubuhi tukamchinja, mama akauliza unampikaje, nikasema wa karanga. Akakaa kimya kidogo afu akasema, "Karanga si za mchicha, mwanangu?"

Simlaumu, maana kwetu karanga kazi yake inajulikana, mchicha, kisamvu, mlenda, basi. Kuku anarostiwa, anachemshwa, anakaangwa, habari ya karanga haipo kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivohivo mpaka nilipoenda kusoma Kumasi, Ghana, miaka miwili, na Jumapili ya kwanza tu wenzangu wakanipeleka kwenye kibanda cha chakula, kule wanaviita chop bar, kama mama ntilie wetu tu. Nikaletewa bakuli la udongo, ndani matonge mawili meupe yanaogelea kwenye supu nzito ya rangi ya tofali, juu mafuta yanang'aa, na paja la kuku limejificha chini. Ile supu inaitwa nkatenkwan, nkate ni karanga na nkwan ni supu, na matonge ni omo tuo, wali uliopikwa ukalainika ukapondwa ukafinyangwa. Omo tuo kule ni chakula cha Jumapili, ukichelewa unakuta limebaki fufu, tonge la muhogo na ndizi za kupika zilizotwangwa, ambalo nalo sio baya ila mimi kumeza bila kutafuna ilinichukua muda aisee.

Na sio Ghana peke yao wanaopika mchuzi wa karanga. Senegal wana maafe wanakula na wali, Gambia wanaita domoda, Mali wanaita tigadegena. Kumbe karanga yenyewe mgeni, ilitoka Amerika ya Kusini ikaletwa Afrika na Wareno karne ya 16, kabla ya hapo watu wa Afrika Magharibi walikuwa na njugu mawe. Nilipomwambia mama akasema basi wangebaki na njugu mawe zao, tamu kuliko.

Sasa mapishi. Mara ya kwanza niliporudi Dar niliharibu vibaya sana, nilichukua siagi ya karanga ya dukani, ile ya kupaka kwenye mkate, sikusoma kopo, kumbe ina sukari. Kuku alikuwa kama keki. Nilikula peke yangu siku mbili kwa aibu. Siku hizi nanunua karanga mbichi, nazichagua moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu natupa, sio ubahili wala utanashati, ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, na usidhani ukikaanga inaisha. Nakaanga moto mdogo, napepeta maganda, afu napeleka mashineni wanasaga mpaka inakuwa laini inamwagika kama asali. Kwa kuku mmoja robo kilo ya karanga iliyosagwa inatosha.

Kuku unamkata vipande, unamweka kwenye sufuria na kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, bila maji kabisa, funika, moto mdogo, aanze kutoa maji yake mwenyewe. Hapo wengi wanakosea, wanamwaga maji tangu mwanzo na ladha inaishia hapo. Akishakaukia kidogo ndo unaweka maji kama lita moja na nusu, na humohumo unatumbukiza nyanya nne nzima, kitunguu kimoja kizima na pilipili mbuzi mbili nzima, usikate. Vikilainika unavitoa unasaga kwenye blenda unachuja unarudisha. Mimi pilipili nasaga moja tu, nyingine naiacha ielee. Jogoo wa kienyeji ni mgumu jamani, huyu wa mama alikaa jikoni saa nzima na robo kabla sijagusa karanga, wa kisasa dakika ishirini zinamtosha, ukizidisha anavunjikavunjika.

Huku pembeni kwenye kisufuria kingine unaweka karanga zako na vijiko viwili vya nyanya ya kopo, unakoroga na mwiko moto mdogo bila kuacha, usipokee simu, karanga inashika chini haraka sana na ikishashika harufu ya kuungua haitoki hata ufanyeje. Kwanza inakaza kama udongo mkavu, ukikoroga koroga unaona mafuta yanatoka pembeni. Hapo chota supu ya kuku ya moto, mwaga kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji, afu mimina yote kwenye kuku.

Na sasa subiri. Yaani hapa ndo nkatenkwan inapopatikana au inapopotea. Dakika kumi za mwanzo ukionja utasikia karanga mbichi kooni, supu inaonekana imepauka kama maji ya chokaa, na mtu mwenye haraka anasema imeiva anapakua. Haijaiva. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, na supu ikichemka taratibu maji yakipungua yale mafuta yanajitenga yanapanda juu yenyewe, na rangi inageuka. Huyaoni mafuta, usipakue. Mimi huwa nusu saa, mara nyingine dakika arobaini, nakoroga kila baada ya muda, nasimama mbali maana inaruka kama uji wa mtama. Usiiache iwe nzito sana jikoni, ikipoa inazidi kuwa nzito.

Mama muda wote huo alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele wa matonge, kila baada ya dakika tano anauliza, "Bado tu?" Mafuta yalipoanza kutokeza akanyanyuka mwenyewe, akachukua mwiko mkononi mwangu, akadondoshea kwenye kiganja akaonja. Hakusema kitu, akaonja tena.

Mezani matonge ya wali akayakataa, kasema wali wa kufinyanga ni wa mtoto anayeota meno, akaingia jikoni akasonga ugali wake. Kala shingo, kala firigisi, kalamba vidole. Afu akasema nyanya nimezidisha, na karanga angetwanga yeye kwenye kinu, mashine inaua utamu. Jioni nimemsikia anaongea na dada yangu kwenye simu, anamwelekeza, "Usimwage maji mwanzo, muache atoe maji yake," na wala hakusema kafundishwa na nani.