Magogo ya Greensted

Treni ya Central Line, njia mojawapo ya reli ya chini ya ardhi ya London, ilinishusha Epping, mwisho wa reli. Zamani ilifika hadi Ongar, lakini kipande hicho kilifungwa mwaka 1994, kwa hiyo nikapanda basi. Kutoka Ongar nilikwenda kwa miguu kama maili moja katikati ya mashamba ya Essex, hadi nikauona mnara mdogo wa mbao nyeupe. Hilo ndilo Kanisa la Mtakatifu Andrea, Greensted.

Makanisa ya mawe Uingereza yamejaa. Mimi nilifuata miti. Kuta za sehemu wanamokaa waumini ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, bega kwa bega, mviringo ukitazama nje na upande bapa ukiwa ndani. Mafundi walichimba mfuo kwenye kingo za kila gogo, kisha wakachomeka kipande chembamba cha mti baina ya gogo na gogo ili kuziba upepo. Ndani bado zinaonekana alama za tezo. Nilipitisha kiganja taratibu, nikahisi jinsi fundi alivyokuwa akivuta mkono, pigo baada ya pigo. Sijawahi kuguswa hivyo na ukuta.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa magogo haya ni ya karne ya 9. Uchunguzi wa pete za miti katika miaka ya 1990 uliyaweka kati ya mwaka 1063 na 1100 hivi. Hata kwa hesabu hiyo, Greensted linatajwa kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote duniani yaliyobaki yamesimama. Simulizi za hapa zinasema mwili wa Mfalme Edmund wa Anglia Mashariki, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, ulipumzishwa Greensted mwaka 1013 ukirudishwa kutoka London hadi kaburini pake katika mji wa Bury. Kama ni hivyo, haukulazwa ndani ya kuta hizi. Ila chini ya sakafu ya sehemu ya madhabahu wachimbaji waliwahi kukuta dalili za majengo ya mbao ya kale zaidi.

Sehemu hiyo ya madhabahu imejengwa kwa matofali, kazi ya takriban mwaka 1500. Kengele mnarani ina tarehe ya 1618. Halafu mwaka 1848 miguu ya magogo ilikuwa imeoza. Wakaikata na kuyakalisha magogo juu ya msingi wa matofali. Wapo wanaoilaumu kazi ile kwa kubadili mengi mno. Mimi naona heri: walikata palipooza, na mti mzima wakauacha mahali pake.

Kitabu cha ndoa cha hapa nacho kina historia. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashambani kutoka Tolpuddle, Dorset, walihukumiwa kupelekwa Australia miaka 7 kwa kula kiapo walipounda chama cha wafanyakazi. Umma ulipiga kelele hadi wakasamehewa, na baadhi yao wakapewa mashamba ya kukodi huku Essex. Mmoja wao, James Brine, alimwoa Elizabeth Standfield, binti wa mwenzake kifungoni, katika kanisa hili mwaka 1839. Baadaye watano kati ya wale sita walihamia Kanada na familia zao. James Hammett peke yake ndiye aliyerudi kuishi Tolpuddle.