Nilivyoandaa maombi ya tuzo ya usanifu baada ya kutoswa mara mbili

Mara ya kwanza nilidhani tuzo za usanifu ni mashindano ya picha. Tulikuwa tumebuni kiwanja kidogo cha watu kupumzika, basi nikakipiga picha alfajiri kabla watu hawajatoka, kisafi, hakuna hata mtoto, nikachanganya na picha za kompyuta zenye miti ambayo kiukweli haikupandwa. Tukatoswa. Mwaka uliofuata nikabadilisha maneno tu, neno "endelevu" likawa kila sentensi, tukatoswa tena.

Ndo nikaanza kusoma wenzetu wanashindaje. Tuzo ya usanifu ya Aga Khan ilinitisha kidogo, inatolewa kila baada ya miaka mitatu na mradi ukiingia orodha fupi wanatuma wataalamu mpaka saiti kuangalia jengo linatumikaje, sasa fikiria wanakuja kwangu wanaitafuta ile miti! Msanifu Francis Kéré aliipata 2004 kwa shule ya msingi ya Gando, kijijini kwao Burkina Faso, matofali ya udongo na bati limenyanyuliwa juu hewa ipite, wanakijiji wakijenga wenyewe, halafu 2022 akachukua Pritzker, moja ya tuzo kubwa kabisa za usanifu duniani, Mwafrika wa kwanza. Ila walionimaliza ni Lacaton na Vassal, wasanifu wa Ufaransa walioshinda Pritzker ya 2021. Hao miaka ya 90 kule Bordeaux, mji wa kwao Ufaransa, waliambiwa wakapendezeshe uwanja wa Léon Aucoc, wakaukagua, wakaongea na wakazi, wakasema uwanja uko sawa, badilisheni changarawe, fanyeni usafi mara nyingi zaidi na mtunze miti. Basi!

Nikarudi kiwanjani na daftari, siku tatu nimekaa tu naangalia. Asubuhi kumejaa, mchana mabenchi yetu hayakaliwi maana jua linayapiga moja kwa moja, watu wamejibana kwenye ukingo wa ukuta ambao sisi hatukuufikiria kabisa kama pa kukaa, na ile njia ya viti vya magurudumu watoto wameigeuza bembea ya kuteleza. Nikaandika yote hayo, na kosa la mabenchi nikaliweka ukurasa wa kwanza. Bosi kusoma akaniambia, "Dogo, unatuombea tuzo au unatuanika?" Tulibishana karibu wiki, mwisho akakubali ila kwa sharti kwamba tukichekwa nitajibu mimi.

Picha safari hii nikapiga saa saba mchana, watu wamo, takataka kidogo zimo. Maelezo nikayakata mara kibao maana nafasi yenyewe ni finyu, nashauri uanze na tatizo lilikuwa nini, mambo ya falsafa yako majaji hawana muda nayo.

Tuliingia orodha fupi. Kwenye usaili majaji karibu muda wote waliuliza kuhusu mabenchi na ule ukuta, michoro hata hawakuigusa sana. Tuzo wakachukua wengine, walistahili bana. Wiki iliyofuata bosi akaniita, nikajua naliwa kichwa, kumbe anataka nimpigie hesabu ya kuyahamishia mabenchi kivulini.