Kushika, Kukamata, Kuachilia: Siku Moja ya Mkalimani wa Mahakama Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Siku yangu huanzia ufuoni Dunga, ambako mitumbwi iliyokesha ziwani inarudi na shehena za omena. Nimekuja kununua ngege wa chakula cha jioni, lakini hukawia nikiitazama mikono ya wavuvi. Ngege aliyenaswa na jarife hakushikwa na mtu: alijaribu kupenya kwenye tundu la wavu, kichwa kikapita, tumbo likakataa, na aliporudi nyuma uzi ukamkwama kwenye matamvua. Mvuvi anamnasua taratibu ili wavu usichanike. Kunasa na kunasua, kutega na kutegua, kufunga na kufungua, kubana na kubanua: Kiswahili kimeutia mtego na ukombozi wake katika mzizi mmoja, kana kwamba aliyetega ndiye anayejua namna ya kutegua. Kwa Kijaluo, mvuvi huyo huyo anasema mako, na neno hilo nitakutana nalo tena kabla ya mchana.

Saa mbili na nusu asubuhi

Kazi yangu ni kutafsiri mahakamani baina ya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, kisha afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo utaishia nje ya saa za kazi. Huvisoma vifungu hivyo mara kwa mara, kwa sababu haki iliyotamkwa kwa lugha asiyoielewa mwenyewe haijamfikia.

Saa nne

Shahidi wa kwanza ni mama mfanyabiashara aliyeibiwa mkoba kwenye kituo cha matatu. Anaeleza kwa Kijaluo kwamba kijana mmoja alimfanyia mako, na mwenzake akafanya mayo. Mako ni kushika, ni kukamata, ni kuvua samaki, na polisi anapomtia mtu nguvuni ni mako vilevile. Mayo ni kuchukua kitu cha mtu bila ridhaa yake, kwa nguvu. Mkalimani hapaswi kukisia, kwa hiyo nasema, “Mheshimiwa, naomba ruhusa nimwulize shahidi afafanue neno lake.” Ruhusa inatolewa. Mama anaufunga mkono wake wa kulia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, anakaza vidole, kisha anaonyesha jinsi alivyouvuta mkoba kwake nao wakauvuta kwao.

Hapo ninajua la kusema: alishikwa kwa nguvu, akapokonywa. Mkoba ungetoweka bila yeye kuhisi, ningesema ulichomolewa. Mtu angepita mbio akauondoa begani kwa mkupuo mmoja, ningesema ulikwapuliwa. Tofauti hizi si mapambo ya lugha. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inatenganisha wizi wa kawaida na unyang'anyi kwa kuuliza kama nguvu au vitisho vilitumika wakati wa kuchukua mali, na adhabu zake ziko mbali sana. Kuamua ni kazi ya hakimu, lakini hakimu ataamua kwa neno nililompa.

Saa saba mchana

Ugali na omena, kwa haraka. Nikila nakumbuka somo la mnyambuliko: kukama huzaa kukamata, kufumba huzaa kufumbata, kupaka huzaa kupakata. Kiambishi hicho kidogo, -at-, huleta maana ya kugusana na kutoachana.

Saa nane

Ninatafsiri hati ya kiapo ya familia moja. Mwandishi amesema jamaa yao “alichukuliwa”, na siwezi kukigeuza kitenzi hicho kiwe kukamatwa au kutekwa nyara kwa hiari yangu. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, Wakenya wameyapima maneno haya mawili kwa uchungu. Anayekamatwa huambiwa kosa lake na hujulikana aliko. Anayetekwa nyara hutoweka, na watu wake huzunguka vituoni wakiuliza. Kinyume cha la kwanza ni kuachiliwa, kinyume cha la pili ni kukombolewa au kupatikana. Nimeandika “alichukuliwa”, kama walivyosema wao.

Saa tisa na nusu

Kijana mmoja amepewa dhamana, na hapa ndipo moyo wangu hudunda zaidi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii na katika kituo kingine, nilimwambia mshtakiwa kwa Kijaluo kwamba mahakama imemfanyia weyo, yaani imemwacha. Ilikuwa imemwachilia kwa dhamana tu. Yeye alielewa kwamba mambo yamekwisha, akaenda kwao, hakurudi siku ya kesi kutajwa, hati ya kumkamata ikatolewa, akalala rumande kwa kosa la ulimi wangu. Kuachiliwa kwa dhamana na kuachiliwa huru yamekaa karibu mno, na kwa mtu aliyetoka seli akili husikia lile analolitamani.

Leo natumia gonyo, neno la kufungua kamba, kisha naongeza kwamba kesi yenyewe ingali imemshika. Namwomba anirudishie tarehe kwa kinywa chake. Anaitaja mara mbili, mara ya pili bila kusita.

Saa kumi na moja jioni

Mama yake ananisubiri langoni. “Karani, si wamemwachilia mwanangu?”

“Wamemwachilia kwa dhamana, mama. Kesi bado ipo, na siku ile lazima arudi.”

Ananitaka nimtajie siku hiyo yeye mwenyewe. Anaazima kalamu yangu, anaandika tarehe kwenye kiganja chake cha kushoto, ananirudishia kalamu, kisha anaifumbata tarehe ile na kumfuata mwanawe kuelekea stendi.