Mama alitibiwa amiba wiki saba, kumbe hakuwa na amiba

Hii habari nimekaa nayo muda nasita kuiandika, maana inahusu choo cha mama yangu mzazi na huku kwetu Mtwara mambo hayo huwa hayasemwi mbele za watu. Ila mama mwenyewe kaniruhusu, kasema andika mwanangu, labda kuna mwenzangu anahangaika kama nilivyohangaika mimi. Basi naandika.

Mama alikuwa Tandahimba shambani msimu wote wa korosho, na mnaoijua kule juu mnajua shida ya maji ilivyo, mnakinga ya mvua kwenye bati mnayaweka kwenye kisima cha saruji, yakiisha mnanunua madumu na hujui yametoka wapi. Aliporudi Mikindani mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja akaanza kuharisha. Hakuna damu, maji tupu, mara sita mara saba kwa siku, tumbo linajaa gesi, chakula hakitaki hata kukiona, na uchovu ule wa mtu kushindwa kunyanyua ndoo. Alafu inakata siku nne tano, tunamshukuru Mungu, wiki inayofuata inarudi upya. Gauni zake zote zikawa zinamvuka.

Kituo cha kwanza walipima choo kwa hadubini, jibu amiba, akapewa metronidazoli. Ikarudi. Kituo cha pili wakamtoa damu wakapima widali, jibu taifodi, akapewa sipro. Ikarudi. Duka la dawa wakampa metronidazoli nyingine bila kupima chochote, na kituo cha tatu wakaandika amiba tena. Wiki saba hizo, na mi nlikuwa namlazimisha ameze kila kidonge kwa sababu nliamini karatasi zile, hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Sasa nina mtoto wa dada yangu anafanya kazi maabara Dar. Nikampigia kumweleza hali ya bibi yake, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mamdogo, kwani bibi kuna sehemu wameotesha choo chake?" Yaani kukiweka kwenye sahani ya maabara ili bakteria waliomo waote waonekane. Nikamwambia hapana, hadubini na widali tu. Akanyamaza kidogo, alafu akanifundisha vitu ambavyo natamani ningevijua tangu siku ya kwanza.

Kwanza habari ya amiba. Kuna kimelea kinaitwa Entamoeba histolytica, hicho ndo kinachochimba utumbo na kinaweza kufika mpaka kwenye ini. Ila kuna ndugu yake, Entamoeba dispar, anaishi tumboni kwa mtu miaka bila kumdhuru, na kwenye hadubini hao wawili wanafanana kabisa, labda umkute amemeza chembe nyekundu za damu ndo utasema huyu ni yule mbaya. Wanasayansi walikubaliana kuwatenganisha rasmi mwaka 1993 tu. Kwahiyo mtaalamu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, kaona amiba kweli kwa macho yake, kaandika amiba, na bado isiwe ndo inayomharisha mgonjwa! Widali nayo ni kipimo cha tangu 1896, hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana naye, na askari hao wanaweza kuwepo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani au mdudu mwingine anayefanana naye. Mtu mzima wa huku aliyeugua mara nyingi maishani, ukimpima widali majibu yanaweza kukuchanganya sana.

Akasema kuna kipimo cha vinasaba, PCR, ile ile mliyoisikia wakati wa korona, ila hii inapima choo na inatafuta vimelea vingi kwa mpigo. Nikamwambia baba nieleze taratibu mi sikusoma sayansi. Kila mdudu ana maandishi yake ya DNA ambayo mwingine hana. Kwenye maabara wanavipasua vijidudu vilivyomo kwenye choo, wanatoa DNA, alafu wanaweka vipande vidogo vinaitwa praima ambavyo vimetengenezwa vishike sehemu moja tu ya maandishi ya mdudu fulani. Kama yupo, praima zinashika na kipande kile kinanakiliwa, moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane, ukirudia mara 30 una nakala zaidi ya bilioni moja, hapo hata kama mwanzo walikuwa wachache sana mashine inawaona. Kama hayupo hakuna kinachonakiliwa. Virusi kama rota na noro vyenyewe havina DNA, vina RNA, kwahiyo wanaigeuza kwanza kuwa DNA ndo waendelee. Njia hii aliibuni Kary Mullis mwaka 1983, akapata Nobel 1993, na kimeng'enya, yaani kile kinachofanya kazi ya kunakili DNA, kilichoifanya iende vizuri kimetoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone kule Marekani, kwa sababu kila mzunguko unapashwa joto karibu nyuzi 95 na vimeng'enya vya kawaida vinaharibika hapo. Mi hiyo ilinishangaza sana, mdudu wa kwenye maji ya moto anakuja kutusaidia tumbo la bibi wa Mikindani.

Kuna mashine maarufu kwa kazi hii inaitwa BioFire FilmArray, kipimo chake cha tumbo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2014, kinatafuta vitu 22, bakteria, virusi na vimelea, kwa muda wa kama saa 1. Ukilinganisha na kuotesha ambako unasubiri siku mbili tatu, na hata hivyo virusi na vimelea kama amiba haviotei kwenye sahani ile, unaona tofauti.

Tukachukua choo cha mama asubuhi, kikawekwa kwenye kichupa chenye kimiminika maalumu cha kuhifadhia, kikapandishwa basi la Dar ndani ya boksi lenye barafu pembeni. Gharama sitaitaja ila tulichangishana ndugu watatu.

Majibu yakaja. Entamoeba histolytica, hayupo. Salmonella, hayupo. Shigella, kipindupindu, giardia, wote hakuna. Mstari mmoja tu uliandikwa yupo: Cyclospora cayetanensis. Hilo jina hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia.

Ni kimelea kidogo sana, hadubini ya kawaida bila rangi maalumu inampita hivi hivi. Anakuja kwa maji na mboga au matunda mabichi, na kuharisha kwake ndo kule kule kwa mama, wiki nenda wiki rudi, kunakata kunarudi, mtu anakonda. Metronidazoli haimgusi, sipro nayo siyo dawa yake ya kutegemewa, dawa yake ni kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin, dawa ya siku nyingi ambayo ipo mpaka vijijini. Daktari akamuuliza mama kwanza kama ana aleji ya salfa, hana, akampa dozi. Siku ya nne choo kikaanza kushika. Naomba mnielewe hapa, hiyo ni dawa ya mdudu aliyepatikana kwa mama, usitoke hapa ukaenda kuinunua kwa sababu unaharisha, utakuwa unarudia kosa letu lile lile.

Kuna kitu kingine kilinitoa machozi. Tulikuwa tumemtengea mama kikombe na sahani yake, na wajukuu tukawakataza kumsogelea, yeye alikuwa anakaa barazani peke yake. Kumbe cyclospora akitoka tumboni hawezi kuambukiza papo hapo, anahitaji kukaa nje wiki moja mpaka mbili ndo akomae. Tulimtenga bure. Na vidonge vya klorini tulivyokuwa tunaweka kwenye ndoo havimuui, kuchemsha ndo kunamuua.

Nisiwadanganye pia kwamba PCR inajua kila kitu. Inaona DNA, haijui kama mdudu yu hai au amekufa, wala kama ndo anayekuumiza au anapita tu. Watoto waliofuatiliwa kwenye utafiti wa MAL-ED, ambao sehemu yake ilifanyika Haydom kule Manyara, walikutwa na vimelea kwenye choo hata siku ambazo hawaharishi. Kwahiyo majibu lazima yasomwe na mtu anayemwangalia mgonjwa. Na haikuambii dawa gani imeshakuwa sugu, kwa bakteria bado kuotesha kunahitajika. Ila faida yake ni kubwa mno. Ule utafiti mkubwa wa kuharisha kwa watoto wa GEMS, uliofanyika nchi 7 zikiwemo Kenya na jirani zetu Msumbiji, sampuli zake zilipimwa upya kwa PCR na matokeo yakatoka 2016, wakakuta Shigella, bakteria wa kuhara damu, ni kama mara 2 ya walivyodhani, na adenovirusi 40/41, virusi vya kuharisha, kama mara 5. Watoto wale wangeendelea kuhesabiwa hawana kitu.

Hospitali za huku tayari zina mashine za vinasaba za kifua kikuu, GeneXpert, watu wanatema makohozi wanapata majibu siku hiyo hiyo. Natamani siku moja choo nacho kipimwe hivyo hapa hapa Mtwara na Lindi, bila kupandisha kichupa kwenye basi, na bila ndugu watatu kuchangishana.

Mama sasa hivi kapata mwili, juzi kaniagiza ming'oko sokoni na kaila yote. Karatasi ya majibu kaikunja kaiweka kwenye mfuko wa kadi zake za hospitali, na mwezi wa kumi anasema anarudi Tandahimba, ila safari hii kaomba nimnunulie sufuria kubwa la kuchemshia maji.