Mbao Juu ya Gati

Neno la wiki: Zaburi 107:23-30

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Zaburi hii ya mabaharia wanaopepesuka kama walevi huwa naisoma harakaharaka. Mimi ni mtu wa bara, bahari nimeiona ukubwani. Safari hii imenishika kwa sababu ya boti moja.

Inaitwa H F Bailey. Ni boti ya uokoaji iliyoanza kazi mwaka 1935 katika mji wa Cromer, mashariki mwa Uingereza; urefu wake mita 14 hivi. Walioiendesha walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wavuvi. Nahodha wao, Henry Blogg, alivua kaa na kukodisha viti vya turubai ufukweni. Kuogelea hakujua.

Boti ilikaa bandani, mwisho kabisa wa gati, ili ikiitwa iteleze moja kwa moja majini. Vita vilipokuja, wakubwa wakaogopa kwamba Wajerumani wangeteremkia pale, wakaamuru gati livunjwe katikati. Likavunjwa. Kumbe boti iko kule mwisho! Ikabidi zitandikwe mbao juu ya pengo, na wale wanaume, wengine wazee kwa kuwa vijana walikuwa vitani, wakawa wanavuka juu yake kwenda kuokoa watu. Hebu fikiria usiku wa dhoruba, taa zimekatazwa pwani nzima.

Tarehe 6 Agosti 1941, meli kadhaa za msafara mmoja zilipanda kwenye mafungu ya mchanga ya Haisborough. Mojawapo, Oxshott, ilikuwa imefunikwa na maji karibu yote; watu 16 walikuwa wamejifunga kamba kuzunguka dohani. Sitaha ilikuwa imepasuka. Blogg akachomeka pua ya boti ndani ya ule ufa, akaishikilia pale kwa nguvu ya injini mpaka wote 16 wakaingia. Siku hiyo boti yake peke yake iliokoa watu 88, ikarudi imetoboka.

Oktoba mwaka huohuo walikwenda kwenye meli ya English Trader. Wimbi likawarusha watano baharini, Blogg akiwa mmojawapo, umri miaka 65. Wakavutwa wote ndani, lakini mmoja akafia botini. Kesho yake kabla hakujapambazuka wakatoka tena, wakawaleta mabaharia 44 wakiwa hai.

Kufikia 1945 boti ilikuwa imeokoa watu 518. Ikapelekwa Helvick Head, Ireland, ikatumika huko hadi 1960, kisha ikauzwa. Mwaka 1991 ikarudishwa Cromer. Leo imo ndani ya jumba la makumbusho lenye jina la Blogg, kwenye sakafu kavu, jirani na mawimbi.

Lakini mimi nimebaki na zile mbao. Aliyeamuru gati livunjwe hakuwa mtu mbaya. Hofu yake ilikuwa na msingi. Adui alikuwepo kweli. Ila alipokuwa akimfungia adui njia, alisahau nani mwingine hupita hapo.

Mwaka jana wezi walipobeba spika zetu, tulikaa kikao tukaamua geti la kanisa lifungwe kwa kufuli mpaka saa mbili asubuhi. Nami nilinyoosha mkono. Wiki kadhaa baadaye nikakutana sokoni na mama mmoja muuza ndizi, ambaye kwa miaka alikuwa akipita kanisani alfajiri kusali kabla ya kwenda kupanga biashara yake. Nikamwambia, mama, siku hizi umetupotea.

"Nilikuja siku tatu, mwanangu. Nikakuta kufuli."

Hakulalamika. Alinichagulia ndizi zangu, akanirudishia chenji.

Kufuli bado lipo, maana wezi nao bado wapo. Ila ufunguo wa pili anao yeye, ameufunga kwenye pindo la kanga.