Mguu Sawa, Kyaka

Safari yangu ilikuwa ya Mutukula, mpakani na Uganda. Kyaka nilitaka kupita tu. Haisi tuliyopanda Bukoba ilitubana wanne wanne kwenye siti za watatu kwa nauli kamili, na kabla hatujavuka Mto Kagera ikapata pancha. Spea nayo haikuwa na upepo. Konda akapakia tairi kwenye bodaboda, akatuambia tusubiri dakika kumi. Jua liligeukia magharibi hajarudi. Dereva hakutaka kusikia habari ya kurudisha nauli, na kibandani chupa ndogo ya maji, tena ya moto, iliuzwa shilingi 1,000. Nilikasirika, na bado naona tulionewa.

Nyuma ya kibanda sauti ikapaa: "Mguu pande! Mguu sawa!"

Watoto wapatao ishirini, wengine umri wa shule hawajafika, walikuwa wamejipanga mistari mitatu, mabua ya mahindi mabegani. Mbele yao alisimama mzee mwenye kofia ya jeshi iliyopauka. Akajaza upepo mashavuni, akapiga tarumbeta kwa mdomo, na kikosi kikaondoka, mikono ikirushwa juu hadi begani. "Nyuma, geuka!" Nusu wakageukia huku, nusu kule, wakagongana, wakaanguka wakicheka. Mzee naye akajibwaga chini puu kama gunia la kahawa, makusudi kabisa, na watoto wakamrukia. Sijaona watu wazima wengi wanaokubali kulaliwa na watoto ishirini kwenye vumbi.

Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Gari limewakataa?" Akanikaribisha kwenye benchi, akanipa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya huku. Watoto wanamwita Babu Afande.

Yeye ni mzaliwa wa Singida. Alikuwa mgambo, kijana asiye na mke, alipoletwa huku mwishoni mwa 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia mwezi Oktoba, Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni yake, na daraja la Kyaka likabomolewa. Babu Afande alivuka mto kwa daraja la muda la jeshi letu.

"Tuliingia kijiji baada ya kijiji," alisema. "Ndizi zimeivia mgombani, zinaoza. Mbwa wapo. Mtoto hakuna hata mmoja. Mwanangu, umewahi kulala mahali ambapo usiku kucha hakuna mtoto anayelia?"

Masaka, ndani ya Uganda, na vita yote hadi Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, alivimaliza kwa sentensi moja. Lakini siku familia za kwanza ziliporudi kutoka ng'ambo ya mto aliieleza mpaka nikasahau tairi. Alikuwapo mvulana aliyebeba kuku, akasimama mbele yake akikodolea macho kifungo cha gwanda. Babu Afande akakikata, akampa. Mkubwa wake alimfokea mbele ya wenzake. Jioni ileile akaokota kopo la nyama, akatafuta waya, akamtengenezea yule mtoto gari. Alipoachishwa jeshi hakukaa Singida. Alirudi huku, akaoa, akapanda migomba, na magari ya makopo hajaacha kuyatengeneza. Lililokuwa miguuni pake siku ile lilikuwa na usukani unaozunguka kweli. Baadhi ya wenzake wamezikwa Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Huwa anakwenda.

Nikawaomba watoto waimbe ule wimbo wa kumtupa Amin Kagera awe chakula cha mamba, tuliouimba kwenye mchakamchaka kila asubuhi shuleni. Mzee akainua mkono.

"Huo siwafundishi. Mto huu niliuona wakati ule."

Akawaanzishia wa kwake, wa chura aliyechelewa gwaride. Waliuimba kwa nguvu zote, na abiria wenzangu wakaja kupiga makofi.

Kwetu Kilosa yupo mjomba wangu aliyepigana vita hiyohiyo. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kucheza karibu na baraza lake, eti mwacheni, ametoka vitani. Wakubwa walidhani wanamheshimu. Mzee yule amekaa na redio yake miaka yote, na watoto wa mtaa wanapita mbali. Pale Kyaka moyo uliniuma sana kwa ajili yake.

Konda alirudi jua likizama, akadai tumchangie pesa ya kuziba pancha. Tulikataa wote. Mutukula nililala kwenye chumba ghali kisicho na maji, na usiku huohuo nikampigia mjomba, nikamuuliza kama aliwahi kuvuka daraja la Kyaka.

"Lipi, la zamani au lile la jeshi?" akauliza, na hapo akaanza kusimulia. Salio likaisha, akapiga yeye.