Rejista ya kanisa letu kule Maryland

Mwaka ule askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, padre wetu akataka tuandae kipeperushi cha historia ya kanisa, ukurasa mmoja tu, kazi tukapewa watatu: mimi mtu wa Muheza, bibi mmoja Mjamaika nesi mstaafu, na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwepo karibu tangu mwanzo. Jumamosi asubuhi tukashuka besimenti, baridi kali, maboksi yananuka ukungu, vitabu vya sala vya 1928 vimefungwa kamba tangu vile vya 1979 vilipoingia, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvitupa.

Kanisa lenyewe dogo, lipo Prince George's, vitongoji vya Washington upande wa Maryland, Episkopali, yaani Anglikana ya Marekani. Na mpaka leo ni misheni, maana yake halijaweza kujitegemea, askofu ndiye anatuwekea padre, mkishaweza kujilipia wenyewe ndo mnakuwa parokia mnachagua wenu. (Padre wetu mwanamke, mimi niliyekulia misa za ubani Magila, kanisa la Anglikana kule kwetu Muheza, ilinichukua muda kuzoea, ila anahubiri vizuri jamani.)

Basi mzee akaanza kusimulia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari walirudi, kuna sheria ya 1944 iliyowasaidia kupata mikopo ya nyumba, mashamba ya tumbaku yakageuka mitaa, watoto kila kona, wao wakaanza kusali kwenye ukumbi wa shule, altare inakuja kwenye buti ya gari na kurudi nayo, mpaka wakajenga. Alikuwa anasimulia kwa raha kweli na mimi naandika haraka haraka.

Bibi yeye alikuwa kimya anafunua rejista. Kila ibada padre anaandika tarehe, watu wangapi, waliokomunika wangapi, anasaini. Miaka ya 60 kurasa zimejaa, walishaanza hadi kuongelea kuwa parokia, halafu ghafla namba zinashuka, zinashuka, Pasaka yenyewe haina watu.

Nikamuuliza mzee hapa ilikuwaje? Akasema aah, watu walipata kazi kwingine.

Bibi akavua miwani. "1973 hiyo. Wote kazi walipata mwaka mmoja?"

Mzee akanyamaza. Mimi sikujua kitu ikabidi bibi anieleze, kwamba Januari 1973 ndo mabasi ya shule yalianza kuwachanganya watoto weusi na weupe kwa amri ya mahakama, na Wazungu wakaanza kuuza nyumba, mtaa kwa mtaa. Yeye alikuja miaka michache baadaye, Jumapili ya kwanza mtu wa mlangoni akamwelekeza kwa upole kabisa kanisa la weusi lilipo. "Nikamwambia asante, nikaenda nikakaa benchi la mbele." Akawaleta wadogo zake, wakaja wa Sierra Leone, Wanaijeria, baadaye sana ndo sisi. Ndo waliolipa bili za umeme hao, wanasafisha nyumba za watu na kulinda mageti usiku, ulitegemea parokia itoke wapi?

Sasa kwenye kipeperushi tuandike nini? Mzee anataka "waumini walihama kwa sababu mbalimbali". Bibi akachukua kalamu akaikata ile sentensi. Nikaona hapa patachimbika, na mimi katikati yao kijana, wote wananizidi umri, nimwambie nani anyamaze? Nikajifanya napanga picha.

Mzee akakaa kwenye kiti cha kukunja, akasema, "Andika ya mabasi. Na sisi tulitangaza nyumba yetu, mke wangu alishafungasha vyombo. Tulikosa mteja tu."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hii nilidhani ulibaki kwa imani!" Akanigeukia mimi, "Hiyo nayo andika, mwanangu."